Neno "ni kweli" kizimbani: kesi ya jinai yataka wakili aliyeizoea

Simu ilinijia baada ya Isha, nimekaa barazani na wenzangu. Ni dadangu, analia. Mwanawe ameshikwa, yuko kituoni, ati amepatikana na simu ya wizi. "Njoo kakangu, wewe ndiye uliyesoma." Kusoma kwangu mimi ni diploma ya uhasibu tu, lakini nyumbani kwetu aliyesoma ndiye daktari, ndiye wakili, ndiye kila kitu. Nikaenda. Na mambo niliyoyafanya usiku ule na siku iliyofuata, karibu yote yalikuwa makosa.

Kwanza nilimwambia kijana aeleze yote asifiche kitu, maana mkweli haogopi. Akaandikisha maelezo, akatia sahihi. Asubuhi yake nikawakusanya wazee wawili tukamwendea mwenye simu kumtaka radhi. Mwenye simu, muungwana, akakubali. Tukanywa kahawa, tukaagana vizuri, tukajua yamekwisha. Mchana nikalipa wakili mmoja hodari wa mashamba na mirathi, kwa sababu ndiye niliyemjua.

Kesho yake kijana alipandishwa kizimbani. Akasomewa shtaka kwa Kiswahili, kwamba alipatikana na simu akijua au akiwa na sababu ya kuamini kuwa ni ya wizi. Akaulizwa, ni kweli au si kweli? Akajibu, "Ni kweli." Alichokusudia yeye ni kwamba kweli simu alikuwa nayo, aliinunua kwa mtu mtaani, tena hata risiti hakupewa. Mahakama iliandika kuwa amekiri. Kiongozi wa mashtaka akaomba siku mbili alete maelezo ya kesi na simu yenyewe. Wakili wetu wa mashamba alifika kijana ameshajibu, akaandika tarehe kwenye shajara yake, akatuambia tukutane siku hiyo.

Kosa la kushika mali ya wizi, kwa sheria zetu za jinai, kifungo chake chaweza kufika miaka 14. Na mtu aliyekiri mwenyewe mbele ya hakimu, kifungu cha 348 cha Sheria ya Taratibu za Jinai kinamfungia mlango wa rufaa juu ya hatia. Anachoweza kulalamikia huko juu ni adhabu peke yake, kwamba imezidi au haikuwa halali. Neno lenyewe ni moja tu, nasi Waswahili twalitumia kutwa hata kwa kuitikia salamu za mtu.

Aliyetuokoa ni wakili wa pili, mama mtu mzima ambaye kazi yake miaka yote ni jinai. Hakutuuliza kama kijana ameiba. Alituuliza, "Alisema neno gani kizimbani, na amekwishasomewa maelezo?" Tulipomwambia bado, akavuta pumzi. Akatueleza kwamba tangu mwaka 1973 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu: shtaka lisomwe kwa lugha anayoifahamu mtu, akikubali asomewe maelezo ya kisa, aulizwe kama anayakubali, na akiongeza neno linaloonyesha hakubali kosa lenyewe, basi iandikwe amekana. Na kabla ya kuhukumiwa, mtu anaweza kuomba kubadilisha jibu lake. Siku ya pili alisimama akasema mteja wake alikubali kuwa na simu, hakukubali kujua ni ya wizi. Hakimu akabadilisha. Ilichukua kama dakika nne. Wakili wa kwanza alikuwa na nafasi ile ile siku ya kwanza, asiione. Simlaumu sana, mimi ndiye niliyemwita fundi wa mashua kuja kutengeneza saa.

Na wale wazee na kahawa yetu? Mama wakili alicheka kidogo. Alituambia kesi ya jinai si ya mwenye simu, ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mlalamishi akisamehe ni vizuri, lakini ni mahakama inayoruhusu kesi kuondolewa, na makosa makubwa hayaondoki kwa sulhu. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu kwetu Pwani twapenda kuyamaliza mambo chini ya mwembe, na wako hata wanaokwenda kwa kadhi. Kadhi, kwa Katiba yetu, ana ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu binafsi kwa Waislamu. Wizi, unga na mapigano si yake.

Tangu kesi ile nimekuwa nikienda mahakamani kila nikipata nafasi, nikikaa viti vya nyuma. Nimeona kwamba mengi yanayoamua kesi hutokea mapema, watu wa nyumbani wakiwa bado wanatafutana kwa simu.

Chukua kituo cha polisi. Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa aliyeshikwa haki ya kuambiwa sababu kwa lugha anayoielewa, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa kortini kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kwanza ya kazi ikiwa saa hizo zimeishia wikendi. Kukiri kwa mshukiwa hakupokelewi kortini mpaka kuwe kumefanywa mbele ya hakimu au jaji, au mbele ya afisa wa polisi mwenye cheo asiyekuwa mpelelezi wa kesi hiyo, na mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Haya yote yameandikwa. Lakini kijana wa miaka ishirini aliyelala seli bila kula atayasema nani? Mdomo uliponza kichwa, ndiyo, na wakati mwingine ni mdomo wa mjomba unaomwambia "sema yote".

Wakati mwingine polisi huenda kortini bila shtaka, wakaomba tu siku zaidi za kumzuilia mtu wakichunguza. Wakili aliyezoea huuliza, mnachunguza nini, mbona mtu lazima awe ndani, na siku hizi zote ni za nini? Kwa kesi za ugaidi, ambazo sisi wa Pwani twazijua zaidi kuliko tungependa, sheria ya mwaka 2012 inaruhusu mahakama kutoa siku 30, na zikiongezwa zisipite 90 kwa jumla. Ni miezi mitatu mtu hajaambiwa hata shtaka lake. Hapo asiye na wakili huitikia tu.

Halafu kuna jina la kosa. Watu wengi hudhani kosa ni lile ulilofanya. Kortini kosa ni lile lililoandikwa kwenye hati ya mashtaka. Vijana wawili wakimpokonya mtu simu, waweza kushtakiwa kwa wizi wa kawaida, ambao adhabu yake ni hadi miaka 3. Waweza kushtakiwa kwa unyang'anyi, miaka 14. Na kwa kuwa walikuwa wawili, waweza kushtakiwa chini ya kifungu cha 296(2), wizi wa mabavu, ambao hukumu yake ni kifo. Si lazima wawe na bastola. Kuwa na mwenzako tu kunatosha. Mahakama ya Juu iliondoa ulazima wa hukumu ya kifo kwa mauaji mwaka 2017, lakini mwaka 2021 ikafafanua kwamba uamuzi ule ni wa mauaji peke yake. Hajanyongwa mtu Kenya tangu 1987, ila kuishi gerezani na hukumu hiyo kichwani si jambo dogo. Wakili mzoefu huisoma hati kwanza, akazungumza na kiongozi wa mashtaka kama kosa lafaa kupunguzwa. Makubaliano ya namna hiyo yamo ndani ya sheria tangu 2008, huandikwa na kuletwa mbele ya hakimu. Si chai ya chini ya meza.

Dhamana nayo ina shida yake kwetu. Katiba inasema mtu aachiliwe kwa masharti ya kadiri isipokuwa kuwe na sababu nzito. Hakimu akisema mdhamini mwenye hati ya ardhi, jamaa wa Kilifi au Kwale waliozaliwa kwenye shamba la babu yao, na hati hawajawahi kuiona, watatoa nini? Nimeona watu wakirudishwa rumande Shimo la Tewa kwa sababu hiyo tu. Wakili husimama akaeleza hali hiyo, akaomba dhamana ya pesa taslimu au masharti yapunguzwe. Asiye na wakili hajui kwamba masharti huombewa.

Kesi ikianza kusikizwa, mshtakiwa ana haki ya kupewa maelezo ya mashahidi mapema, ayasome. Na shahidi akimaliza, hakimu humwambia mshtakiwa aulize maswali. Hapa nimeona huruma nyingi. Mtu husema, "Mheshimiwa, huyu mwongo!" Hilo si swali, na kesi husonga mbele. Tangu 1953 mahakama zetu zinatakiwa ziwe na hadhari kubwa na ushahidi wa mtu mmoja aliyemtambua mwizi katika mazingira magumu, kama usiku. Aliyezoea huuliza: taa ilikuwa wapi? Umbali gani? Ulimwona kwa muda gani? Ulimjua kabla? Jina lake ulilitaja ulipoandikisha OB siku ile, au ulilipata baadaye? Maswali matano tu, na shahidi aliyekuwa na uhakika huanza kutafuta maji ya kunywa.

Kesi ya mpwa wangu nayo iliamuliwa na maswali. Upande wa mashtaka haukuweza kuonyesha kwamba alijua simu ni ya wizi. Aliachiliwa, baada ya miezi tisa ya kwenda na kurudi.

Ada ni kubwa, najua, na si kila nyumba ina pa kuitoa. Anayeshtakiwa kwa mauaji Mahakama Kuu humpangia wakili. Wa wizi wa mabavu, aliye mbele ya hakimu, hana uhakika huo. Mwaka 2017, katika rufaa za watu watatu waliohukumiwa kifo huku Malindi, Mahakama ya Juu ilisema wakili wa serikali hatolewi moja kwa moja. Hutazamwa uzito wa kosa na adhabu, uwezo wa mtu, elimu yake, umri wake, na ugumu wa kesi. Kwa hivyo lazima aombe, na aseme mapema. Katika kesi hiyo hiyo, kilichobatilisha hukumu za rufaa zao ni kwamba mmoja wa majaji wawili waliozisikiza alikuwa wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, asiye na mamlaka ya jinai. Niambie msomaji, ni nani kati yetu angeliona hilo?

Iko Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Wako Kituo Cha Sheria na MUHURI hapa Mombasa. Ukiwa na uwezo wa kulipa, jihadhari na mabroka wa mlangoni mwa korti. Hakikisha kwa Chama cha Mawakili kwamba mtu ana leseni ya mwaka huu. Muulize kesi za jinai amefanya ngapi, za kosa gani, na kama atakuja mwenyewe au atatuma kijana. Andikianeni ada, uchukue risiti.

Na ikiwa hukumu imeshatolewa, rufaa ina siku 14. Mwambie wakili pia tarehe kamili ya kushikwa, kwa sababu kifungu cha 333(2) kinataka siku za rumande zihesabiwe kwenye kifungo, na husahauliwa. Dadangu alikuwa ameiandika nyuma ya kalenda ya jikoni.