Lebo Ikipotea: Makumbusho ya Berlin na Mifupa ya Tendaguru

Jamani, leo tuweke kando mambo ya PHP na MySQL. Nataka niwasimulie hifadhidata moja ya zamani iliyotengenezwa kwa kalamu, karatasi na mabega ya watu. Sisi tunaoshinda tukihifadhi data tuna la kujifunza hapo.

Mahali penyewe ni kilima cha Tendaguru, mwendo wa siku nne kwa miguu kutoka bandari ya Lindi, kusini mwa Tanzania. Mwaka 1909, wakati Mjerumani bado anatawala na majivu ya Maji Maji hayajapoa, makumbusho ya elimu ya viumbe ya Berlin yalituma msafara kuchimba mifupa ya dinosaria. Viongozi walikuwa Werner Janensch na Edwin Hennig. Waliochimba walikuwa wenyeji, karibu 500 msimu ulipopamba moto, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Hadi 1913 zilitoka zaidi ya tani 200. Reli hakuna, lori hakuna. Wapagazi walibeba kila kitu hadi baharini.

Sasa hebu fikiria. Maelfu ya mizigo inafika Berlin, mfupa mmoja huku, mwenzake kule. Utaunganishaje? Hapo ndipo ninapowavulia kofia. Kila shimo lilipewa alama yake, na kila mfupa ukabeba alama hiyo. Mifupa iliyoandikwa S II ndiyo kiini cha yule dinosaria mkubwa aliyesimamishwa Berlin mwaka 1937, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Uchimbaji ulichukua miaka minne, lakini kuyasafisha na kuyaunganisha makumbusho yalihitaji zaidi ya miaka 20. Msafara huleta mizigo tu. Makumbusho ndiyo huigeuza kuwa elimu.

Waingereza nao walifika Tendaguru mwaka 1924, wametumwa na makumbusho ya London. Kati yao alikuwamo kijana mzaliwa wa Kabete, Louis Leakey, ambaye baadaye aliongoza makumbusho yetu ya Nairobi. Na Boheti? Alikuwa huko tena, anachimba.

Lebo ikipotea inakuwaje? Vita Kuu ya Pili viliipiga makumbusho ya Berlin kwa mabomu. Mifupa iliyokuwa bado imefungwa ndani ya plasta ikafukiwa na kifusi, na ya Tendaguru ikachanganyika na ya Halberstadt, huko huko Ujerumani. Miaka mingi baadaye, madaktari wa hospitali ya Charité walipitisha furushi moja kwenye mashine ya CT bila kulifungua. Picha ya mfupa uliokuwa ndani ililingana na mchoro wa wachimbaji wa Halberstadt, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 2013. Halafu wakachapa nakala ya mfupa huo kwa printa ya 3D. Kilichojibu swali, lakini, ni ule mchoro. Bila huo, mashine ingeonyesha mfupa usio na kwao.

Na hapa ndipo roho inaponiuma. Jedwali lile lilikuwa na safu ya shimo, safu ya namba, safu ya aina ya mfupa. Safu ya mtu aliyeuchimba na aliyeubeba haikuwepo. Boheti tunamjua kwa kuwa alikuwa mkubwa wa kazi, na mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina Australodocus bohetii kwa heshima yake. Wapagazi wengi hatuna hata jina lao moja, na hakuna mashine ya CT itakayolisoma, maana halikuandikwa popote.

Data ambayo haikukusanywa siku ile hairudi, ndugu zangu. Kwa hiyo wiki hii ukikaa kuchora jedwali jipya, jiulize kwanza ni nani umemwacha bila safu.