Mjapani mkongwe kwenye mchanga wa Matemwe

Kutoka Darajani, mjini Unguja, hadi Matemwe ni mwendo wa kilomita zipatazo 50: Mahonda, Kinyasini, Mkwajuni, kisha unakata kulia kuelekea baharini. Lami ikikuacha mkono, unapokewa na mchanga mweupe laini na mawe ya matumbawe yenye ncha. Upepo, uwe wa kusi au wa kaskazi, huleta chumvi usiku na mchana. Chuma hapa hakistahimili. Kutu huanzia kwenye spoku za ringi, hupanda eksozi, kisha huingia ndani ya tanki ambako jicho halifiki.

Katika mazingira kama haya pikipiki ya Kijapani ya miaka ya 1970 ilitakiwa iwe imekwisha kusahaulika. Lakini chombo hicho hicho leo kinasakwa Sydney, Copenhagen na Tokyo na watu wanaokivua plastiki zote, wakakifupisha kiti, wakakifungia taa ya duara na kukipaka rangi ya kizamani. Kwao ni mapambo ya gharama kubwa. Kwa mafundi wa mwambao wa Afrika Mashariki, kuvua, kukata, kuchomelea na kuchanganya spea za vyombo vitatu ili kimoja kitembee ilikuwa kazi ya kila siku, tena bila mtu kuita ni mtindo.

Mtindo wenyewe una asili yake London. Ace Cafe, mkahawa wa pembeni mwa barabara uliofunguliwa 1938, ukabomolewa kwa mabomu ya vita na kujengwa upya 1949, ulikuwa maskani ya vijana waliopenda mbio. Walichukua Triumph, BSA na Norton, wakang'oa kila kisichosaidia mwendo, wakashusha usukani na kulalia tanki. Mkahawa ulifungwa 1969, na ukafunguliwa tena 2001. Mwaka huo huo wa 1969 Honda ilianza kuuza CB750, yenye silinda nne zilizopangwa safu moja na breki ya diski mbele. Kiwanda kilikuwa sasa kinatoa, kikiwa tayari, kile ambacho vijana wa London walikuwa wakikihangaikia gereji. Viwanda vya Uingereza havikuinuka tena vikawa kama zamani.

Mjapani hakuanza na vyombo vikubwa. Soichiro Honda alianzisha kampuni yake 1948, na miaka 10 baadaye, Agosti 1958, yeye na mshirika wake Takeo Fujisawa walitoa Super Cub ya cc 49. Klachi yake ilijifunga yenyewe, hivyo mpeleka chakula aliweza kuendesha kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika sinia. Fremu yake iliinama katikati, na mtu wa kanzu au baibui angeweza kuketi bila kurusha mguu juu. Kufikia 2017 zilikuwa zimetengenezwa milioni 100, idadi ambayo hakuna chombo kingine cha moto kilichowahi kuifikia.

Mjini Unguja, Vespa ya Mtaliano, iliyozaliwa 1946, ilijipatia nafasi yake vichochoroni na bado inayo. Lakini jina la Mjapani lilikuwa likipanda kote Afrika Mashariki, na mbio za magari zilichangia. Mwaka 1970 gari la Kijapani, Datsun, lilishinda mbio za Safari Rally, likarudia 1971 na 1973. Ushindi huo wa 1973 ulikuwa wa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye baadaye alichukua mbio hizo mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, akiwa bado na Datsun. Watu walioona gari likitoka kwenye tope la Kenya na Tanzania likiwa zima hawakuhitaji tangazo jingine.

Zanzibar ya miaka ya 1970 ilikuwa na uhaba. Bidhaa za nje zilibanwa, vyakula viligawiwa kwa mgao, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 bei ya karafuu ikaporomoka baada ya Indonesia, mnunuzi mkubwa, kujitosheleza kwa karafuu zake. Mwenye pikipiki hakuwa na duka la kukimbilia. Pistoni ilikerezwa, kebo ikaungwa, kiti kikashonwa kwa turubai. Nafuu ilikuja 1984, Ali Hassan Mwinyi alipokuwa Rais wa Zanzibar na milango ya biashara ikafunguliwa. Hapo shehena za Dubai zikaanza kumiminika, vitu vipya na vilivyotumika.

Vijijini njia ilikuwa nyingine. Miradi ya wafadhili na idara za serikali kote Afrika iliwapandisha mabwana shamba na mabwana afya kwenye Yamaha DT na Honda XL, pikipiki nyembamba, ndefu, zenye shokapu ndefu na matairi ya meno. Ukoo wa DT ulianza 1968 na DT-1, ya kwanza ya Yamaha kutengenezwa kwa njia za vumbi na kuuzwa kwa mtu wa kawaida. Injini yake ya tu-stroki haina vali za kusukumwa na kamshafti. Fundi mwenye spana chache huifungua na kuifunga chini ya mwembe. Ndugu yake mkubwa, XT500 ya 1976, ilimpa Cyril Neveu ushindi wa mbio za kwanza kabisa za Paris–Dakar mwanzoni mwa 1979.

Hata hivyo, iliyobadili maisha ya Mwafrika Mashariki kuliko zote ni ile isiyo na sifa ya mbio: Honda CG125 ya 1976. Wahandisi wa Honda walikuwa wamezunguka nchi zinazoendelea wakakuta watu wakiendesha miezi na miezi bila kumwaga oili, cheni zimejaa vumbi, na injini za kisasa zenye kamshafti juu zikifa mapema. Jibu lao lilikuwa kurudi nyuma kwa makusudi. Walirudisha fito za kusukuma vali, wakaifungia cheni ndani ya boksi, wakapunguza kila kinachoweza kuharibika. Viwanda vya China viliinakili injini hiyo, na nakala zake, SanLG na wenzake, ndizo zilizobeba bodaboda ya Tanzania. Nchini Pakistani, CG125 iliendelea kutengenezwa kwa sura karibu ile ile ya zamani hadi miaka ya 2020.

Hamu ya kurudisha sura ya kale ilivuma upya baada ya 2000. Tokyo, Go Takamine na karakana yake ya Brat Style walijulikana kwa pikipiki za chini, kiti bapa, bila madoido. Sydney, Deus Ex Machina ilifungua milango 2006. Yamaha SR400, iliyotoka 1978 na kuendelea kuuzwa kwa kupiga kiki tu hadi ilipoachwa 2021, ikawa malighafi inayopendwa.

Anayetaka kufanya kazi hiyo Matemwe huanza na tanki. Hulijaza siki, hutia nati na kipande cha cheni kuukuu, hulitikisa mpaka kutu itoke nyekundu, hulisuuza, hulikausha na kulipaka mafuta ndani siku hiyo hiyo. Likilala na maji, kutu hurudi kabla ya alfajiri. Kisha kabureta: jeti ya shaba huzibuliwa kwa uzi mmoja wa waya wa kebo, kwa sababu sindano huitanua na chombo kikaanza kunywa petroli. Umeme hufuata. Super Cub nyingi za zamani zilikuwa za volti 6 na platini, taa zake hafifu kwa barabara ya usiku yenye ng'ombe na baiskeli zisizo na taa. Kuhamia volti 12 na CDI, mfumo wa cheche usio na platini, kunakubalika hata kwa wapenda asili.

Mtindo gani? Usukani wa chini wa Ace Cafe hapa ni adhabu: mzigo wote huangukia gurudumu la mbele, nalo huzama. Mchanga unataka usukani mpana, matairi ya meno yaliyopunguzwa upepo kidogo, eksozi iliyopandishwa juu ya maji ya mvua, na madigadi halisi, kwani chumvi ikirushwa kwenye injini haitoki kwa kufutwa. Hiyo ni sura ya DT ya bwana shamba.

Kuhusu spea, Honda yenyewe ilifunga uzalishaji wa Super Cub ya cc 50 nchini Japani mwezi Mei 2025, sheria za moshi zikiwa zimekaza. Kwa mwenye CG hali ni tofauti: pistoni, klachi na kebo za bodaboda ya Kichina mara nyingi huingia moja kwa moja kwenye injini ya Mjapani. Kisichopatikana kirahisi ni tanki la asili, vifuniko vya pembeni na mita. Hivyo fundi bati, anayekunja chuma kwa nyundo na kukichomelea, ndiye atakayeamua kama pikipiki itafanana na ya 1976 au la.