Kamati za Bunge Letu: Historia Fupi Kutoka Kingo za Nzoia

Wananchi wengi hulijua Bunge la Kenya kwa ukumbi wake: siwa juu ya meza, Spika kitini, wabunge wakirushiana maneno. Sisi tuliofanya kazi ya ukarani tulilijua kwa vyumba vya pembeni, penye meza ndefu, mafaili yenye kamba, na shahidi aliyekwisha apishwa akitafuta pa kuweka mikono yake. Mbunge akiwa ukumbini huhutubia. Akiwa kwenye kamati hana budi kusoma. Mwaka wa 2025 ilitimia miaka 50 tangu Kamati Teule ya 1975, iliyochunguza kifo cha mbunge J. M. Kariuki, iwasilishe ripoti yake, na kwa kuwa nimestaafu hapa Moi's Bridge, mahali ambapo ukivuka mto uko Trans Nzoia na ukielekea magharibi kidogo unafika njia ya Bungoma, nimeona niiandike historia hii kutoka huku. Watu wa upande huu walizifanyia kamati za Bunge mengi, na wengine waliyalipia.

Baraza la Kutunga Sheria, lililotangulia Bunge letu, lilikutana mara ya kwanza mwaka wa 1907, na kwa miaka mingi lilikuwa la walowezi na maafisa wa serikali ya kikoloni. Mwafrika wa kwanza kuketi humo, Eliud Mathu, aliteuliwa mwaka wa 1944. Wakati huo mji wetu ukiitwa Hoey's Bridge, kwa jina la mlowezi Cecil Hoey aliyejenga daraja juu ya Nzoia, na reli ya kwenda Kitale ilikuwa imekwisha pita hapa ikibeba mahindi ya mashamba makubwa. Baba zetu walikuwa vibarua katika mashamba hayo. Hakuna aliyewauliza lolote kuhusu bei ya gunia wala kuhusu kodi.

Kisha ukaja uchaguzi wa 1957, Waafrika wanane wakaingia Barazani kwa kura. Mmoja wao alikuwa mwalimu kutoka Kimilili aliyesomea Chuo Kikuu cha Cape Town, Masinde Muliro. Mwingine alikuwa Daniel arap Moi, ambaye baadaye daraja letu lilikuja kuitwa kwa jina lake. Oginga Odinga, Tom Mboya na Ronald Ngala walikuwamo pia, na hao wameandikwa vya kutosha kwingine. Mimi nitabaki na Mzee Muliro, kwa sababu ndiye aliyekuja kuwa mbunge wa Kitale Mashariki, na kwa sababu bila yeye sehemu bora ya historia hii isingekuwapo.

Uhuru ulipofika mwaka wa 1963 tulirithi taratibu za Westminster karibu zote. Tulikuwa na mabaraza mawili, Seneti na Baraza la Wawakilishi, yaliyounganishwa kuwa Bunge moja mwishoni mwa 1966. Spika wa Baraza la Wawakilishi alikuwa Humphrey Slade, mwanasheria wa Kizungu aliyewafunza wabunge wapya kanuni kwa subira kubwa. Miongoni mwa urithi huo ilikuwamo Kamati ya Hesabu za Umma, ambayo wengi wanaijua kwa herufi zake tatu, PAC. Kazi yake ni rahisi kuieleza na ngumu kuitenda. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hukagua vitabu vya kila wizara na kuandika hoja zake: fedha hizi zililipwa bila hati, gari hili halionekani, barabara hii ililipiwa na haikujengwa. Kamati huita Katibu wa Wizara, maana yeye ndiye afisa mhasibu mbele ya sheria, na humtaka ajibu hoja moja baada ya nyingine. Asiporidhisha, jina la wizara yake huingia katika ripoti, ripoti huwekwa mezani, na Hazina hutakiwa kueleza imechukua hatua gani.

Watu husema kazi hii inachosha. Si kweli. Nimeona Katibu mwenye shahada tatu akishindwa kueleza risiti ya mafuta ya gari, na nimeona mbunge ambaye ukumbini hakusema neno muhula mzima akimbana kwa maswali matatu yaliyokwenda kwa mpango. Wabunge wa namna hiyo hawasifiwi mikutanoni. Ndio walioijenga kamati.

Sasa nifike pale ambapo moyo wangu huenda kila mara.

Josiah Mwangi Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alionekana mara ya mwisho tarehe 2 Machi 1975. Maiti yake ilipatikana vilima vya Ngong. Nchi ilitikisika, na mnamo Machi 14 Bunge likaunda Kamati Teule kuchunguza kifo hicho. Uenyekiti ulimwangukia kijana wa Bungoma Mashariki, Elijah Mwangale, ambaye alikuwa ameingia Bungeni mwaka wa 1969. Kamati haikuwa na polisi wake, haikuwa na maabara, na waliotakiwa kuisaidia ndio hao hao waliokuwa na maswali ya kujibu. Iliwaita wakuu wa polisi wa wakati ule, ikawahoji juu ya nani alionekana na marehemu na lini. Ndani ya miezi mitatu ikawa na ripoti.

Ripoti ilifika Bungeni mwanzoni mwa Juni, na kabla haijawekwa mezani majina mawili yalikuwa yameondolewa kwa amri ya juu. Wazee wa kazi hii waliniambia kwamba hapo ndipo kamati nyingine yoyote ingekata tamaa. Mwangale na wenzake waliisimamia vivyo hivyo. Serikali ikaja na hila ya kikanuni: Bunge liipokee ripoti kama taarifa tu, lisiipitishe. Mtu asiyejua kanuni anaweza kuona tofauti hiyo ni ndogo. Karani anajua kwamba ripoti iliyopitishwa ni uamuzi wa Bunge, na iliyopokelewa ni karatasi.

Tarehe 11 Juni 1975 kura zikapigwa. Waliotaka ripoti ipitishwe walikuwa 62, waliopinga 59.

Na katika wale 62 alikuwamo Waziri wa Ujenzi, Masinde Muliro. Waziri anafungwa na msimamo wa serikali. Huo ndio utaratibu, na yeye aliujua kuliko wengi, maana alikuwa Barazani tangu enzi za Gavana. Alipiga kura dhidi ya serikali aliyokuwa anaitumikia, pamoja na mawaziri wasaidizi wawili, John Keen na Peter Kibisu. Wote watatu walifutwa kazi. Ukihesabu utaona: tofauti ilikuwa kura tatu, na waliovuka kutoka upande wa serikali walikuwa watatu. Kama wangekaa walikotarajiwa kukaa, ripoti ingekuwa karatasi. Huku kwetu habari hiyo ilipokewa kwa huzuni na majivuno kwa pamoja. Kitale ilipoteza waziri, lakini hakuna mzee niliyemsikia akisema alikosea.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizito. Mnamo Oktoba mwaka huo huo Naibu Spika Jean-Marie Seroney na Martin Shikuku wa Butere walikamatwa katika viwanja vya Bunge na kuwekwa kizuizini hadi Desemba 1978. Mbunge wa Eldoret Kaskazini, eneo letu lenyewe la Moi's Bridge wakati huo, alikuwa Chelagat Mutai, aliyechaguliwa mwaka wa 1974 akiwa hajafika miaka 30. Mwaka wa 1976 alifungwa miaka miwili na nusu kwa kesi iliyotokana na mzozo wa shamba la mkonge la Ziwa, mwendo mfupi kutoka hapa. Sitaki kufukua kila kitu. Nasema tu kwamba kiti cha mbunge katika miaka ile hakikuwa kiti cha starehe, na waliokubali kuketi kwenye kamati walijua hivyo.

Lipo jambo moja la miaka ile linalosahaulika. Julai 1974 Mzee Kenyatta aliagiza Kiswahili kitumike Bungeni, na mijadala ikawa ya Kiswahili, ingawa miswada na ripoti ziliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo lile suala zito kuliko yote lililowahi kuletwa na kamati yetu lilijadiliwa kwa lugha ya mama mboga na ya jaji, wakati ripoti yenyewe ilikuwa kwa lugha ya wachache.

Miaka ya 1980 kamati ziliendelea kukutana, kwa utulivu zaidi. Chama kilikuwa kimoja na maswali yalipungua makali, lakini Mkaguzi Mkuu aliendelea kuandika na makarani wakaendelea kuhifadhi. Nilianza kazi katika kipindi hicho, na shukrani zangu kwa walionifundisha kupanga shajara ya kamati hazitaisha. Mikutano yote ilikuwa ya faragha. Mwandishi wa habari alisubiri nje mpaka ripoti iwekwe mezani.

Mwaka wa 1992 Kamati Teule ya Kennedy Kiliku, mbunge wa Changamwe, ilichunguza mapigano yaliyozuka mikoa ya Bonde la Ufa na Magharibi. Huku kwetu hatuhitaji kuelezwa ni nini kilitokea. Kuna majirani ambao hawakurudi kwenye mashamba yao. Ripoti ilitoka Septemba mwaka huo. Bunge halikuipitisha. Hata hivyo ushahidi uliandikwa, na maandishi hayo yamewasaidia wengi waliotaka kujua ukweli baadaye. Agosti ya mwaka huo huo Mzee Muliro alifariki akirejea kutoka London, akiwa miongoni mwa vinara wa chama cha upinzani cha FORD, na hakuiona siku ambayo vyama vingi vilirudi Bungeni.

Waliorudi na vyama hivyo walikuwa na mtu wetu tena. Michael Wamalwa Kijana wa Saboti, mwenye Kiingereza cha kupendeza na Kiswahili cha kupendeza zaidi, alishika uenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Umma, na desturi ya upinzani kuiongoza kamati hiyo ikaota mizizi. Ni katika kipindi chake hoja za kashfa ya Goldenberg zilifika mezani. Kulikuwa na mvutano ndani ya upinzani wenyewe kuhusu namna suala lile lilivyoshughulikiwa, na maneno mengi yalisemwa. Wamalwa alikuwa mwenyekiti aliyemwacha shahidi amalize sentensi, sifa adimu kuliko inavyodhaniwa. Alifariki Agosti 2003 akiwa Makamu wa Rais.

Yaliyofuata niyaorodheshe tu. Kanuni za Kudumu za 1997 zilileta kamati za idara, kila moja ikifuatilia wizara zake. Mabadiliko ya Katiba ya 1999, yaliyopiganiwa na Peter Oloo Aringo, yalizaa Tume ya Huduma za Bunge, na makarani wakaacha kuwa watumishi wa serikali ile ile waliyopaswa kusaidia kuihoji. Uhuru Kenyatta aliongoza Kamati ya Hesabu za Umma ilipotoa ripoti kuhusu kashfa ya Anglo Leasing mwaka wa 2006. Mwaka wa 2008, chini ya Spika Kenneth Marende wa Emuhaya, Kanuni mpya ziliwafungulia wananchi na waandishi milango ya vyumba vya kamati, jambo ambalo binafsi nililingojea maisha yangu yote ya kazi. Bonny Khalwale wa Ikolomani alishika PAC na kuitia moto. Kamati ya Abdikadir Mohamed ilikwenda Naivasha Januari 2010 na rasimu, na Agosti 27 tukapata Katiba mpya, ambayo Kifungu cha 125 kinazipa kamati uwezo wa Mahakama Kuu wa kuita mashahidi. Seneti ilirudi mwaka wa 2013. Ababu Namwamba wa Budalang'i aliongoza PAC hadi 2015, uongozi ulipobadilishwa katikati ya muhula katika mazingira ambayo hayakumfurahisha yeyote. Mwaka wa 2018 Seneta Margaret Kamar wa Uasin Gishu aliongoza Kamati Maalum ya Seneti kuhusu mahindi, wakati wakulima wa hapa walikuwa wakisubiri malipo ya bodi ya nafaka. Septemba 2022 Moses Wetang'ula wa Bungoma akawa Spika wa Bunge la Taifa.

Mwaka wa 2024 ulikuwa na shughuli nyingi. Jack Wamboka wa Bumula alileta hoja ya kumwondoa Waziri wa Kilimo kwa sababu ya mbolea bandia; kamati ya wabunge 11 iliyoongozwa na Naomi Waqo ikaona mashtaka hayakuthibitishwa. Mkulima wa Soy au Likuyani aliyepanda kwa mbolea ile alikuwa na maoni yake. Jengo jipya la Bunge Tower, la ghorofa 28, lilifunguliwa Aprili. Juni ulikuwa mwezi mgumu kwa Bunge na kwa nchi, na sitaueleza zaidi hapa. Agosti John Mbadi aliacha uenyekiti wa PAC kwenda Hazina, na Tindi Mwale wa Butere, kwao Shikuku, akachukua nafasi yake.

Nawashukuru waandishi wa Hansard, wahudumu wa chai, madereva waliotupeleka kwenye ziara za kamati katika barabara za kila namna, na wakaguzi wa hesabu ambao majina yao hayamo katika ripoti yoyote. Nina ombi moja kwa Tume ya Huduma za Bunge. Ripoti ya Kamati Teule ya 1975 ichapishwe upya kwa Kiswahili, pamoja na mjadala wa tarehe 11 Juni na orodha ya kura zote 121, na nakala ziletwe katika maktaba za Kitale, Bungoma na Eldoret. Nakala moja ije Moi's Bridge. Shule za sekondari za hapa zina wanafunzi wanaosoma historia ya Bunge bila kuwahi kushika ripoti ya kamati, na niko tayari kuwasomea.