Mkongo

Neno mkongo, ambalo nchini Tanzania limepata hadhi rasmi kupitia Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, hutaja kebo yenye nyuzi za kioo safi, nyembamba kama unywele, ambamo data husafiri kwa mwanga wala si kwa umeme. Kebo ya namna hiyo, SEACOM, ilianza kuihudumia Afrika Mashariki mwaka 2009 kupitia bahari. Kuuita mkongo waya, kama magazeti yafanyavyo mara nyingine, ni kupotosha, kwa kuwa waya ni uzi wa metali: kebo ya mtandao ya ofisini ina nyaya 8 za shaba, zilizosokotwa jozi 4 ili kupunguza mwingiliano wa mawimbi, nayo huishia kwenye kichwa cha plastiki kiitwacho RJ45 na kwa kawaida haizidi mita 100.