Uvimbe wa taya na hesabu za bahati

Ukiondoka Kibabii, nje kidogo ya mji wa Bungoma, ukapita Webuye na Kiminini mpaka Kitale, unapanda karibu mita 500. Njiani unavuka mpaka usio na kibao: futi 5,000. Daktari Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Kampala, ndiye aliyeuonyesha. Katika nchi za karibu na ikweta, uvimbe mkali wa taya, aina ya saratani, uliokuwa ukiua watoto ulionekana chini ya kimo hicho, na juu yake ukawa nadra mno.

Burkitt alianza kuufuatilia mwaka 1957. Mwishoni mwa 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda Ford kuukuu wakasafiri maili 10,000 hivi hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Baadaye Alexander Haddow, mtafiti wa wadudu na virusi aliyekuwa Entebbe, alieleza kwamba kilichozuia ugonjwa si mlima wenyewe, ni baridi na uhaba wa mvua. Mwaka 1964 kirusi kilionekana ndani ya chembe za uvimbe huo, katika maabara ya Anthony Epstein, London.

Sasa swali likawahamia wanahisabati. Kama saratani hii inatokana na kitu kinachoambukiza, je, wagonjwa hukaribiana kwa mahali na kwa wakati kuliko bahati tupu inavyoruhusu?

Namna ya kulijibu ilikuwa imetolewa mwaka uleule na George Knox, Mwingereza aliyechunguza saratani ya damu ya watoto 96 kaskazini mwa Uingereza. Ukiwaoanisha wawili wawili unapata jozi 4,560. Katika hizo, jozi 152 waliugua ndani ya siku 60, na jozi 25 waliishi ndani ya kilomita moja. Kama muda na mahali havihusiani, zidisha 152 kwa 25, ugawe kwa 4,560: jozi zenye sifa zote mbili hazifiki hata moja. Knox alizikuta tano. Bahati peke yake ingetoa tano au zaidi takriban mara mbili katika elfu. Hesabu ya darasa la saba, lakini ndani yake mna nadharia nzima ya uwezekano.

Malcolm Pike, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyesomea hisabati na kufanya kazi na kikosi cha mtafiti wa magonjwa Richard Doll huko Uingereza, aliichukua njia hiyo akaipeleka West Nile, Uganda. Huko Williams, yule wa safari ya Ford, alikuwa na hospitali ya misheni ya Kuluva, karibu na Arua, na daftari lake lilionyesha mgonjwa ametoka wapi na aliugua lini. Kwangu mimi daftari hilo lina heshima sawa na fomula. Bila kijiji na tarehe, Pike angebaki na karatasi tupu. Mwaka 1967 walitangaza kwamba wagonjwa wa 1961 hadi 1965 walikuwa wamekusanyika kupita kiasi cha bahati.

Lakini nani alisema kilomita moja, na kwa nini siku 60? Mtu akiisogeza mipaka mpaka apate jibu analolipenda, hapo hesabu imegeuka ramli. Mwaka 1968 Pike na Peter Smith, mtaalamu wa takwimu aliyewahi kufanya kazi Makerere, walichapisha njia pana zaidi, inayomruhusu mtafiti kuamua mapema nani angeweza kumwambukiza nani, na kwa kipindi gani.

Mwaka 1978 Smith, Williams na wenzao, akiwemo mtaalamu wa virusi Peter Tukei, walirudi West Nile wakiwa na kumbukumbu za miaka 15. Mikusanyiko ilikuwepo, ila si kwa nguvu ileile miaka yote. Na kirusi chenyewe kilikuwa kimeshaonekana kwa karibu kila mtoto wa ukanda huu, mgonjwa na mzima, kwa hiyo hakiwezi kuwa sababu pekee. Malaria ndiyo mshirika wake anayetajwa zaidi, na inaafikiana na ule mpaka wa kimo. Ila malaria huwapata watoto wengi sana wa nchi za chini, na uvimbe huu huwapata wachache. Kwa nini wale wa West Nile waliugua kwa makundi miaka fulani na si mingine, hesabu ya Pike haikukusudiwa kujibu.

Pike baadaye alihamia California kutafiti saratani ya matiti. Smith aliendelea na magonjwa ya nchi za joto, na mwaka 1991 yeye na Richard Morrow, ambaye pia alikuwa ameutafiti uvimbe huo Uganda, wakatoa kitabu cha kuongoza majaribio ya tiba na chanjo vijijini.