Kutegesha spektrografu: kazi ya mikono iliyofichua gesi kati ya nyota

Spektrografu ni chombo kinachofungwa kwenye mkia wa darubini ili kuuchambua mwanga wa nyota rangi kwa rangi na kuupiga picha. Sehemu zake si nyingi. Mwanga uliokusanywa na darubini hupenya kwenye mwanya mwembamba. Lenzi ya kwanza huunyoosha uwe miale sambamba, kisha prizimu, au kioo kilichochorwa maelfu ya mistari, huutawanya. Mwishoni lenzi ya kamera huiangusha kila rangi mahali pake kwenye bamba la picha. Hapo hupatikana utepe wa mwanga uliokatwa na mistari myeusi, na kila mstari una umbo la ule mwanya. Mwanya ukiingia vumbi, utepe hupata michirizi kutoka mwisho hadi mwisho. Lenzi ya kamera ikikaa nje ya fokasi, mistari hutanuka na kufifia.

Mistari hiyo ilipimwa kwa uangalifu kwanza na Joseph von Fraunhofer, fundi wa vioo wa Bavaria, mwaka 1814. Alihesabu zaidi ya 500 katika mwanga wa Jua, na iliyokolea akaipa herufi zinazotumika hadi sasa. Mwaka 1859 Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen, huko Heidelberg, walianza kuonyesha kwamba kila elementi ina mistari yake. Tarehe 29 Agosti 1864 William Huggins, akiwa katika nyumba yake ya Tulse Hill, London, alielekeza chombo cha aina hiyo kwenye nebula iliyo katika kundi la nyota la Draco. Badala ya utepe wa rangi zote akaona mistari michache inayong'aa, akajua kwamba kile ni gesi.

Huggins alitazama kwa jicho, na jicho hujirekebisha lenyewe. Ugumu ulikuja na kamera. Mwaka 1888 Hermann Vogel na Julius Scheiner, wa Potsdam nchini Ujerumani, walianza kupima kasi za nyota kwa picha. Nyota inayokuja upande wetu mistari yake husogea kuelekea urujuani, na inayokwenda mbali huisogeza kuelekea nyekundu. Lakini msogeo huo ni mdogo mno: kwa vyombo vya wakati ule, kasi ya kilomita 1 kwa sekunde iliusogeza mstari kama sehemu moja ya elfu ya milimita tu. Ili kuupima, mwanga wa cheche za chuma ulipigwa picha juu na chini ya utepe wa nyota, uwe rula.

Hapo ndipo fokasi mbovu ilipokuwa na madhara makubwa kuliko kufifisha mistari tu. Mwanga wa cheche ukiijaza prizimu upande mmoja zaidi kuliko unavyofanya mwanga wa nyota, na bamba likiwa nje ya fokasi, mistari ya chuma huhama mahali pake. Mpimaji husoma kasi ambayo nyota haina, na picha haimwonyeshi kosa lolote.

Dawa ilitoka Potsdam pia. Mwaka 1899 ilizinduliwa huko darubini yenye lenzi ya sentimita 80, lakini picha zake hazikuridhisha. Johannes Hartmann alibuni njia ya kuikagua: kuifunika kwa kifuniko chenye matundu na kupima njia ya mwanga unaopita katika kila tundu. Kasoro za kioo zikaonekana sehemu kwa sehemu, na ilibidi lenzi isuguliwe upya.

Kwenye spektrografu njia hiyo ni rahisi na, kwa kweli, ni nzuri ajabu. Nusu ya kushoto ya njia ya mwanga huzibwa, picha ya mwanga wa chuma ikapigwa. Kisha huzibwa nusu ya kulia, ikapigwa ya pili kando yake. Bamba likiwa kwenye fokasi, mistari ya picha mbili hulingana. Likiwa mbele, hupishana upande mmoja. Likiwa nyuma, hupishana upande wa pili. Upana wa pengo huonyesha bamba lisogezwe kiasi gani. Kabla ya hapo fundi alipiga picha nyingi na kuchagua kwa jicho ile iliyokaza zaidi, ilhali karibu na fokasi picha hufanana sana. Kipimo hurudiwa katikati na kwenye ncha zote mbili za utepe, maana bamba likiinama, upande mmoja utakaza na mwingine utafifia.

Mwaka 1904 Hartmann aliichunguza Mintaka, nyota ya kundi la Orion ambayo kwa hakika ni nyota zinazozungukana kila baada ya siku 5.7. Mistari yake mipana iliyumba huku na huku, lakini mstari mmoja wa kalisi, mwembamba na uliokaza, haukufuata myumbo huo. Hartmann aliamua kwamba kalisi hiyo haimo katika nyota. Iko njiani, kati yake na sisi. Ndivyo gesi iliyotanda kati ya nyota ilivyogunduliwa. Mstari kama huo, kwenye bamba lililo nje ya fokasi, ungemezwa na ule mpana.

Adui aliyebaki ni joto, kwa kuwa baridi ya usiku hubana chuma na kuhamisha fokasi. Mwanzoni mwa karne ya 20 spektrografu kubwa zilifungwa katika masanduku ya joto linalodhibitiwa. Spektrografu ya HARPS, iliyoanza kazi La Silla nchini Chile mwaka 2003, imefungwa katika chombo kisicho na hewa, joto lake likidhibitiwa kwa usahihi wa sehemu moja ya mia ya nyuzi, na hupima kasi ya nyota kwa usahihi wa takriban mita 1 kwa sekunde.

Hata hivyo kifuniko cha Potsdam hakijastaafu. Katika kituo cha Apache Point, New Mexico, spektrografu ya mradi wa SDSS, uchunguzi mpana wa anga, imetengenezwa ikiwa na milango midogo yenye jina la Hartmann. Hufungwa mmoja baada ya mwingine, mwanga wa taa hupigwa picha mara mbili, na kompyuta husahihisha fokasi kabla mwanga wa nyota haujaanza kurekodiwa.