Sura ya Mtoto na Kipimo cha Jinsia: Funzo la Historia kwa Msomaji wa Fasihi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, kumbuka kwamba sarufi ya Kiswahili haitofautishi mume na mke. Tukisema “yeye”, “alikuja” au “mtoto wake”, hatujaitaja jinsia. Mwandishi asipotumia jina au neno kama “mvulana”, msomaji huitafuta jinsia ya mhusika katika nywele, mavazi na mapambo. Hapo ndipo wengi hupotoka, kwa kuwa hutumia kipimo cha mtaa wao wa leo. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba kipimo hicho kina historia na kwamba kimebadilika mara nyingi.

Tuanze nyumbani. Chukua kifungu kinachomsawiri kijana mwembamba mwenye nywele ndefu zilizosukwa na kupakwa rangi nyekundu, shanga shingoni na mapambo masikioni. Kando yake amesimama mwenzake aliyenyoa kipara. Watahiniwa wengi watasema wa kwanza ni msichana. Miongoni mwa Wamaasai na Wasamburu, huyo ni moran, mlinzi wa jamii, na huyo mwenye kipara huenda ni dada yake.

Kwa Wanandi, A. C. Hollis alieleza katika kitabu chake cha mwaka wa 1909 kwamba wavulana waliokaribia kutahiriwa walipewa na wasichana baadhi ya mavazi na mapambo yao, wakayavaa. Mavazi hayo hayakuwaondolea uanaume. Yalikuwa sehemu ya jando lenyewe.

Pengine utasema hayo ni mambo ya Afrika ya kale. La hasha! Huko Ulaya na Marekani, kwa karne kadhaa, wavulana wadogo walivishwa magauni hadi walipofika umri wa miaka 4 hadi 7 hivi. Gauni lilirahisisha kumbadilisha mtoto nepi, tena halikumbana upesi alipokua. Franklin Roosevelt, aliyeingia madarakani kama Rais wa Marekani mwaka wa 1933, alipigwa picha mwaka wa 1884 akiwa na umri wa miaka 2, amevaa gauni jeupe na nywele zimefika mabegani. Hata rangi zilikuwa na kauli nyingine: mwaka wa 1918, jarida moja la wafanyabiashara wa nguo za watoto nchini humo lilishauri waridi kwa wavulana na samawati kwa wasichana.

Shule za wamishenari na za serikali ya kikoloni ndizo zilizotuzoesha mpaka tunaouona leo: kaptula na shati kwa mvulana, gauni au sketi kwa msichana. Lakini hata mpaka huo hauko imara. Shule nyingi zetu huwataka wasichana wakate nywele ziwe fupi kama za wavulana. Kichwa kile kile huitwa nadhifu shuleni na “cha kiume” mtaani.

Je, haya yanaihusu vipi karatasi ya fasihi? Mwana Kupona wa Pate alipomtungia bintiye utenzi mwaka wa 1858, alimshauri pia kuhusu kujipamba. Ushauri huo ulifaa nyumba ya kiungwana ya pwani. Mtahiniwa akiufanya kuwa kipimo cha kila msichana wa Kiafrika, amekosa. Kabla ya kuhukumu sura ya mhusika, jiulize maswali matatu. Anayemsawiri ni nani? Ni wa jamii na enzi gani? Mwandishi anaikubali hukumu ya jamii hiyo au anaikejeli? Bila maswali hayo, hoja yako kuhusu taasubi ya kiume itakuwa kasuku wa hoja za wengine.

Mwalimu, liko jambo zito kuliko alama. Neno “jikedume” linaposomwa darasani na kicheko kikapasuka, tazama macho yanaelekea kwa nani. Yupo msichana mwenye mabega mapana na sauti nzito. Yupo mvulana mwororo wa sura. Ukinyamaza, darasa litaamini kwamba fasihi imewaruhusu kucheka. Simamisha usomaji, uwaeleze habari za moran na za mtoto Roosevelt, kisha uwaulize ni kipimo cha nani wanachokitumia. Huo nao ni uhakiki.